Saratani inapofika mifupani, si lazima matibabu mengi ndiyo bora

Ni maneno machache yanayomvunja moyo mgonjwa wa saratani kama haya: ugonjwa umefika mifupani. Aghalabu jamaa huyapokea kama hukumu. Mazungumzo hugeuka mara moja yakawa ya shamba litakalouzwa na harambee itakayoitishwa, kabla hata ya mtu kuuliza ni matibabu gani yaliyopo na yana manufaa gani kwa mgonjwa.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Kwa takriban miaka 30 sasa, watafiti katika mataifa mbalimbali wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa aina hii, wakilinganisha dawa moja na nyingine, kipimo kikubwa na kidogo. Baadhi ya matokeo yao muhimu hayahusu kamwe dawa mpya ya bei ghali. Yanahusu namna ya kutumia kwa uchache kile ambacho tayari kipo hospitalini. Kwa nchi kama Kenya, hizo ni habari za thamani kubwa, nazo hazijazungumzwa kwa kiwango zinachostahili.

Kwanza, ni vyema kuufahamu ugonjwa wenyewe. Saratani iliyosambaa hadi mifupani si sawa na saratani iliyoanzia mfupani. Saratani ya titi ikifika kwenye uti wa mgongo au nyonga hubakia kuwa saratani ya titi, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Saratani zinazopenda sana kuhamia mifupani ni za matiti, tezi dume, mapafu, figo na tezi ya shingo.

Ni kwa nini zikachagua mfupa? Mnamo 1889, daktari Mwingereza Stephen Paget alichapisha makala katika jarida la The Lancet baada ya kupitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kutokana na saratani ya titi. Aliona kwamba ugonjwa haukusambaa kiholela. Akatoa mfano ambao mkulima yeyote angeuelewa: mbegu za mmea huchukuliwa na upepo kila upande, lakini huota tu pale zinapopata udongo unaozifaa.

Utafiti wa karne iliyofuata ulimuunga mkono. Mfupa si kitu kikavu kama jiwe. Ndani yake mna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na nyingine zinazojenga upya, kazi isiyokoma maisha yote. Seli za saratani zikiingia humo huchochea wale wabomoaji wafanye kazi kupita kiasi. Mfupa unapobomolewa hutoa viini vinavyostawisha saratani, nayo saratani iliyostawi huchochea ubomoaji zaidi. Saratani ya tezi dume kwa kawaida huenda kinyume kidogo, kwani huufanya mfupa ujengwe ovyo, ukaonekana mnene kwenye picha ilhali hauna nguvu.

Matokeo yake kwa mgonjwa ni mateso. Hupata maumivu yasiyomwacha alale. Paja au bega huweza kuvunjika kwa kujikwaa tu. Madini ya kalsiamu huongezeka katika damu hadi akachanganyikiwa. Baya zaidi, pingili za mgongo huporomoka zikaubana ugwe unaopitisha hisia, na mtu aliyeingia hospitalini akitembea akatoka katika kiti cha magurudumu.

Dawa za kuwazuia wabomoaji hao zilianza kupata sifa katika miaka ya tisini. Mnamo 1996, matokeo ya utafiti yalionyesha kwamba dawa ya pamidroneti, iliyotiwa mshipani kila mwezi, ilipunguza kuvunjika kwa mifupa miongoni mwa wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa. Baadaye ikaja asidi ya zoledroniki, yenye nguvu zaidi na inayoingia mwilini kwa dakika 15 pekee. Mwaka wa 2010, Marekani iliidhinisha denosumabu, sindano ya chini ya ngozi inayozima ishara inayowaamsha wabomoaji.

Denosumabu ilishindanishwa na zoledroniki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 na uliohusisha takriban wanaume 1,900 wenye saratani ya tezi dume, waliopewa denosumabu walikaa kwa wastani miezi 20.7 kabla ya kupata tatizo kubwa la kwanza la mfupa, ilhali wale wa zoledroniki walikaa miezi 17.1. Hata hivyo, hakuna kundi lililoishi muda mrefu kuliko jingine.

Hapo ndipo ukweli unapopaswa kusemwa waziwazi. Dawa hizi haziponyi saratani, na kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umekwisha kusambaa hazijathibitika kurefusha maisha. Kazi yake ni kuuchelewesha uvunjikaji na kupunguza maumivu. Hiyo si kazi ndogo, lakini mgonjwa anayeuza ng'ombe wake anafaa kujua ni kitu gani anachonunua.

Swali lililofuata lilikuwa rahisi, na ajabu ni kwamba lilichukua miaka mingi kuulizwa kwa uzito: je, ni lazima dawa hii itolewe kila mwezi? Ratiba hiyo ilirithiwa kutokana na majira ya tibakemikali. Mgonjwa alikuwa hospitalini tayari, hivyo akaongezewa dawa ya mfupa siku iyo hiyo. Zoledroniki lakini hujishikiza mfupani na kukaa humo kwa muda mrefu.

Jibu lilitolewa Januari 2017 na mtandao wa watafiti unaofadhiliwa na serikali ya Marekani. Wagonjwa 1,822 waliokuwa na saratani ya titi, tezi dume au ya uboho wa mifupa waligawanywa kwa kura. Nusu walipata zoledroniki kila baada ya wiki nne, na nusu kila baada ya wiki 12. Baada ya miaka miwili, asilimia 29.5 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata tatizo kubwa la mfupa. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 28.6. Kwa maneno mengine, waliopunguziwa dawa hawakudhurika zaidi.

Tafakari maana ya matokeo hayo kwa mgonjwa wa Kitui au Busia. Safari 13 kwa mwaka zinakuwa nne au tano. Nauli inapungua, siku za kazi zinaokolewa, na figo ambazo huelemewa na dawa hii zinapata nafasi ya kupumua. Ni vyema kukumbusha kwamba utafiti huo ulihusu zoledroniki na haukuipima denosumabu, ambayo haikai mfupani na nguvu zake huisha haraka sindano zikisitishwa. Mgonjwa asijiamulie mwenyewe kuruka tarehe.

Mfano wa pili unahusu mionzi. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya mfupa akimulikwa mahali panapouma, mara nyingi hupata nafuu. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kumpa mionzi kidogo kidogo kwa siku 10 au zaidi. Mwaka wa 2005, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 898 wa saratani ya titi na tezi dume. Baadhi walikuwa wamepata kipimo cha grei 8 kwa mkupuo mmoja, na wengine grei 30 zilizogawanywa katika vikao 10. Miezi mitatu baadaye, asilimia 65 ya kundi la kikao kimoja na asilimia 66 ya kundi la vikao 10 walikuwa wamepata nafuu ya maumivu.

Tofauti ilikuwepo mahali pengine. Asilimia 18 ya waliopata kikao kimoja walilazimika kurudi kumulikwa tena, ikilinganishwa na asilimia 9 ya wenzao. Hiyo ni gharama halisi na haifai kufichwa. Lakini maana yake pia ni kwamba zaidi ya watu wanane kati ya kila 10 walimalizana na jambo hilo kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubaliana na ushahidi wa aina hii. Katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu maumivu ya saratani, lilipendekeza kikao kimoja cha mionzi kwa mgonjwa mwenye maumivu ya mfupa pale mionzi inapohitajika na kupatikana. Zoledroniki nayo iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu kwa madhara ya saratani mifupani.

Kwa hesabu ya haraka, mashine inayotumia vikao 10 kumtuliza mgonjwa mmoja ingeweza kuwatuliza 10. Hesabu hiyo si ya kitabuni katika eneo letu. Mwaka wa 2016, mashine ya pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago, iliharibika na taifa zima likabaki bila huduma hiyo hadi nyingine ilipowekwa. Baadhi ya wagonjwa walilazimika kuja Nairobi. Humu nchini, vituo vya saratani vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa, lakini mtu wa Lodwar au Mandera angali na safari ndefu mbele yake. Kwake, siku 10 za matibabu ni siku 10 za kutafuta pa kulala.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kumtengea maskini tiba duni. Hoja hiyo haina mashiko. Tafiti hizi hazikufanyiwa maskini wa Afrika ili kuwabania. Zilifanywa Marekani na Ulaya, kwa wagonjwa wa huko, katika hospitali zenye kila kitu. Lililodhihirika ni kwamba matibabu mengi hayakuwa bora kuliko machache kwa jambo lililokuwa likipimwa.

Ipo sababu ya tafiti hizi kutopigiwa tarumbeta. Kampuni inayouza dawa haina faida katika kugundua kwamba dawa yake ingeweza kutumiwa mara nne badala ya 13. Hivyo kazi hiyo hubaki mikononi mwa serikali na vyuo vikuu. Hata katika vyumba vya habari, habari ya dawa mpya hupata nafasi ya mbele kwa urahisi kuliko habari ya kupunguza dawa ya zamani.

Haya hayamaanishi kwamba kila kitu chaweza kupunguzwa. Ugwe wa mgongo unapobanwa, ni dharura. Utafiti wa 2005 uliohusisha wagonjwa 101 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya waliofanyiwa upasuaji kisha wakapata mionzi waliweza kutembea, ikilinganishwa na asilimia 57 ya waliopewa mionzi pekee. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi mtu akilala, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili zinazohitaji hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe huenda usijengeke tena.

Sasa tugeukie suala la ufuatiliaji, ambalo limewasumbua watafiti kuliko hata dawa. Uvimbe ulioko kwenye ini au mapafu waweza kupimwa kwa milimita, ikajulikana kama umepungua. Mfupa hauko hivyo. Kanuni za kimataifa za kupima uvimbe huvihesabu vidonda vingi vya mifupa kuwa visivyopimika.

Picha inayotumiwa sana, ile ya kudungwa kemikali ya tekinishiamu, haionyeshi saratani yenyewe. Huonyesha mahali ambapo mfupa unajengwa. Kwa hivyo mgonjwa aliyeanza kupona anaweza kupigwa picha baada ya miezi mitatu, madoa yakang'aa zaidi kuliko awali kwa sababu mfupa unajikarabati, naye akaambiwa kimakosa kwamba dawa imeshindwa. Ndiyo maana mwaka wa 2008 wataalamu wa saratani ya tezi dume walikubaliana kwamba katika utafiti, madoa mapya mawili kwenye picha ya kwanza hayatoshi. Ni sharti picha inayofuata ionyeshe mengine mawili zaidi ndipo ugonjwa uhesabiwe kuwa umeendelea.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Dawa ya kabozantinibu ilizua msisimko mkubwa ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, kwani madoa mifupani yalififia kana kwamba yamefutwa. Ikafanyiwa utafiti mkubwa wa wanaume 1,028, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2016. Picha za mifupa ziliboreka kwa asilimia 42 ya waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 3 ya waliopewa prednisoni. Lakini wastani wa maisha ulikuwa miezi 11 dhidi ya 9.8, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba dawa ilirefusha maisha. Picha ilipendeza, mgonjwa hakufaidika kwa kiasi hicho.

Radiamu-223 ni kisa chenye pande mbili. Huu ni unururifu unaodungwa mwilini na kujipeleka wenyewe mfupani. Utafiti wa 2013 wa wanaume 921 ulionyesha kwamba waliopewa waliishi kwa wastani miezi 14.9, ikilinganishwa na 11.3 kwa wengine. Zilikuwa habari njema za kweli. Kisha watafiti wakaichanganya na dawa nyingine, abirateroni, kwa matumaini ya kuongeza faida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba asilimia 29 ya waliopata mchanganyiko huo walivunjika mifupa, dhidi ya asilimia 11 ya waliopata abirateroni bila radiamu.

Wengi wa waliovunjika hawakuwa wakitumia dawa ya kulinda mifupa. Katika utafiti mwingine uliochanganya radiamu na dawa tofauti, matumizi ya zoledroniki au denosumabu yalifanywa kuwa ya lazima, na visa vya kuvunjika vikapungua sana. Ni fundisho kwamba dawa ya gharama ya juu ilihitaji kusindikizwa na ile ya zamani ya bei nafuu.

Tangu 2020, Marekani imeidhinisha picha za kisasa zinazotambua protini iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume, na mnamo 2022 ikaidhinisha tiba ya lutetiamu-177 inayoilenga protini hiyo hiyo. Mashine za picha za aina hii zipo Nairobi na viunga vyake. Ni hatua ya kujivunia, lakini wengi wa wagonjwa wetu hawataifikia karibuni. Kwao, ufuatiliaji bado utategemea kipimo cha damu, eksirei, na daktari anayeuliza swali lile lile kila mara: maumivu yakoje, unatembea, unalala?

Swali hilo lisidharauliwe. Katika tafiti zilizotajwa hapa, maumivu na kuvunjika ndivyo vilivyokuwa vipimo vikuu vya baadhi yazo. Muuguzi wa kaunti aliye na daftari na kalamu anaweza kurekodi mambo hayo kwa usahihi.

Tatizo ni kwamba sisi hatuyarekodi kwa mpango. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliihesabia Kenya wagonjwa wapya wa saratani 42,116 na vifo 27,092. Zipo sajili za saratani Nairobi na Eldoret, lakini kazi yake kuu ni kuhesabu wagonjwa, wala si kufuatilia ni nani aliyevunjika paja na alikuwa akitumia dawa gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali.

Daftari hilo lina umuhimu mwingine. Waafrika walioshiriki katika tafiti hizi kubwa ni wachache mno. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, baadhi wakiwa na lishe duni na meno mabovu. Dawa za kulinda mifupa zina madhara adimu lakini mabaya ya kuozesha mfupa wa taya, yaliyoanza kuripotiwa mwaka wa 2003, hasa baada ya kung'olewa jino. Ndiyo sababu mgonjwa hutakiwa kukaguliwa meno kabla ya kuanza dawa. Je, katika kaunti isiyo na daktari wa meno wa kutosha, agizo hilo hutekelezwaje? Hilo ni swali ambalo halitajibiwa na utafiti wa Chicago wala London.

Kenya ina sheria ya kukabiliana na saratani ya mwaka wa 2012, na taasisi ya kitaifa ya saratani iliyoundwa chini yake. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo inayolipia matibabu baada ya kuondolewa kwa NHIF, na malipo ya saratani yana kikomo kwa mwaka. Kikomo hicho kinaifanya mada hii kuwa ya pesa. Kila kikao cha mionzi kisichohitajika hula bima ambayo ingelipia tibakemikali mwezi ujao.

Hivyo, wakuu wa afya wanafaa kuweka kikao kimoja cha mionzi kuwa chaguo la kwanza kwa maumivu ya kawaida ya mfupa, na daktari anayetaka vikao zaidi aandike sababu. Zoledroniki ya kila wiki 12 ipatikane katika hospitali za kaunti, pamoja na kipimo cha figo na kalsiamu. Mofini ya kunywa isikosekane hata siku moja, kwa kuwa hakuna dawa ya mfupa inayoanza kutuliza maumivu usiku ule ule. Vyuo vikuu vyetu navyo viwe na utafiti wake, unaopima yale yanayomkuta mgonjwa wa hapa.

Mgonjwa na jamaa zake wana jukumu pia. Wakiambiwa kuna dawa mpya, wamuulize daktari: itarefusha maisha, itapunguza maumivu, au itaboresha picha tu? Wakipangiwa vikao 10, waulize kama kimoja hakitoshi. Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo, na huenda majibu yake yakaliokoa shamba ambalo watoto watahitaji kulilima.